Koki ya Tabo Mkononi mwa Beda

Beda alipopofuka, watu wengi wa Izia, pembeni mwa mji wa Sumbawanga, walidhani na gari lake limekwisha. Lilikuwa pikapu ya zamani aina ya Land Cruiser, nyeupe iliyogeuka rangi ya uji, na alikuwa ameliendesha kati ya Sumbawanga na Kasanga tangu barabara ile ikiwa ya vumbi na mawe. Alipanda na dagaa na migebuka kutoka ziwani, akashuka na mahindi, maharage na ulezi. Watu walizoea kumwona ndani ya gari kuliko nje yake. Sasa walipomkuta amekaa barazani, sweta kaifunga hadi kooni, na gari limefunikwa turubai kando ya ghala, walimsalimia kwa sauti ya chini kama wapitao kwenye msiba.

Silvana, mkewe, ndiye aliyekataa kuulilia msiba huo.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa presha ya macho. Ulimla polepole, ukianzia pembeni, hata mwenyewe asitambue. Kwanza akawa anashtuka watu wakimsalimia kutoka ubavuni. Kisha siku moja, karibu na Matai, akagonga ng'ombe ambaye Silvana, aliyekaa kando yake, alikuwa amemwona tangu mbali akitoka majanini.

"Baba Avelina, hukumwona?"

Beda alizima injini. Alishuka, akapapasa bampa, akamsikiliza ng'ombe akinyanyuka na kuchechemea kwenda zake. Kisha akamkabidhi mkewe ufunguo. Hakumpa ili aendeshe, maana Silvana wakati huo hakujua hata kuwasha. Alimpa kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Wakakaa pale ukingoni hadi dereva mwenzake alipopita na kuwarudisha nyumbani. Hospitalini daktari aliwaambia bila kuzungukazunguka kwamba nuru iliyokwisha kupotea hairudi; dawa zingelinda kidogo kilichosalia. Na hicho kidogo kilikuwa mwanga, giza, na kivuli cha mtu akisimama mlangoni.

Inafaa isemwe hapa Beda alikuwa dereva wa namna gani, la sivyo yaliyofuata hayataeleweka.

Uwanda wa Ufipa uko juu na hewa yake ni nyepesi. Injini ya dizeli inayopumua vizuri kule Kasanga, ikifika juu huanza kukohoa moshi mweusi, kwa kuwa mafuta yapo lakini hewa ya kuyachoma haitoshi. Kwa sababu hiyo Beda na rafiki yake, fundi Clemens, walifunga tabo kwenye injini ile. Tabo ni kama feni ndogo inayozungushwa na moshi unaokwenda kwenye ekzosi, nayo ikizunguka huisukumia injini hewa zaidi. Wengi hufunga tabo wakaishia hapo. Beda alisema tabo ya kipimo kimoja ni sawa na mtu kuvaa koti lile lile Sumbawanga na Kasanga. Clemens akapitisha mpira mwembamba hadi ndani ya gari, akaweka koki ndogo ya shaba chini ya dashibodi. Ukiizungusha kulia, tabo inasukuma kwa nguvu, kushoto, inalegea. Juu yake akafunga geji mbili, moja ya kuonyesha presha ya hewa inayoingia, nyingine ya joto la moshi unaotoka. Upande wa dereva nafasi haikupatikana, kwa hiyo koki ilikaa upande wa abiria, na Beda akawa anainyooshea mkono huku anaendesha.

Madereva wengine waliicheka koki ile. Walisema Beda anacheza redio. Lakini magari yao yalikuwa yakisimama Matai kutoa mvuke, na lake likipita.

Sasa koki ilikuwa chini ya turubai na mwenyewe yuko barazani. Silvana alimvumilia msimu mzima wa kulima. Alimwona akiinua kichwa kila gari linapopita njiani, akisema peke yake, "Huyo klachi yake imekwisha," au, "Huyo anaendesha na gia kubwa, ataua injini." Siku moja, ulezi ukiwa umeshavunwa na shamba liko wazi, alilivua gari turubai na kuja kusimama mbele yake.

"Nifundishe," alisema.

"Nikufundishe nini?"

"Kuendesha."

Beda alicheka, kicheko kisicho na furaha. "Mama Avelina, umewahi kusikia wapi kipofu akimfundisha mtu kuendesha gari?"

"Macho ninayo. Nisichokijua ndicho unachokijua wewe. Ondoka hapo."

Shamba la kaka yake Beda, Isdori, lilikuwa tambarare na limebaki mabua tu. Ndugu na majirani wakaja kusimama pembeni, wengine wakiwa wamejitayarisha kucheka, na kweli walicheka, kwa sababu gari liliruka kama chura na kuzimika, likaruka na kuzimika. Silvana alitokwa na jasho kwenye ile baridi ya Juni. Beda alikaa upande wa abiria, kiganja kakilaza juu ya dashibodi, na hata mara moja hakumpandishia sauti.

"Injini haina kinyongo," alimwambia. "Washa tena. Sasa achia klachi taratibu. Taratibu. Umesikia inavyonguruma kwa chini? Hapo ndipo inaposhika. Ishikilie hapo hapo."

Alisikia. Hilo lilimshangaza Silvana kuliko jambo lolote: kwamba sauti aliyoiona ni kelele moja tu kwa miaka yote, ndani yake mlikuwa na sauti nyingi. Baadaye alikwenda chuo cha udereva mjini, akajifunza alama za barabarani pamoja na vijana wa umri wa binti yake, akafanya mtihani na kupata leseni. Lakini udereva wenyewe aliupata kwenye mabua ya ulezi.

Walipoanza safari za Kasanga, kazi iligawanyika yenyewe, bila kikao. Silvana alishika usukani na kuyatazama yote yanayotazamwa. Beda alishika koki. Na kwa kuwa hakuweza kuona geji, alimwuliza.

"Hewa ngapi?"

"Mshale uko kwenye kumi."

"Na joto?"

"Umevuka nusu, kidogo tu."

"Basi tunaweza kuongeza." Vidole vikazunguka, na Silvana akahisi gari likijikusanya na kupanda kama mtu aliyeamua jambo.

Mwanzoni alidhani ujuzi ni kuongeza. Alidhani mwenye koki akiwa na mlima mbele yake huizungusha kulia na habari ikaisha. Beda ndiye aliyemtoa huko, si kwa maelezo marefu, bali njiani, jambo likitokea. Wakiwa barabara ya lami na gari tupu, alilegeza, akisema hakuna sababu ya kumkimbiza mtu asiye na haraka. Na Silvana akaona mafuta yanadumu zaidi. Mlima mkavu na magunia nyuma aliongeza, lakini kwa vipande vidogo, kila kipande akiuliza joto, kwa sababu hewa ikibanwa kupita kiasi huchemka, na injini inayovuta hewa ya moto hupasua gasketi. Walipofika chini ziwani, penye hewa nzito na jua la kubabua, alipunguza tena. "Huku hewa ipo ya kutosha," alisema. "Tabo haina haja ya kujitesa." Na walipofika mwisho wa safari hakumruhusu azime gari papo hapo. Ilibidi injini iachwe ingurume polepole mpaka tabo ipoe, nao wakae ndani wakinyamaza, jambo ambalo kwanza lilimchosha Silvana, kisha akaja kulipenda.

Baada ya muda, jina la Beda na la Silvana yakawa jina moja barabarani. Wachuuzi wa dagaa walisema, "Tunasubiri wale wawili."

Ndipo likaja suala la kengele.

Katika miaka hii Ziwa Tanganyika lilipanda. Maji yalikula fukwe, yakaingia kwenye nyumba, na katika kijiji kimoja cha mwambao yaliingia hadi kanisani yakafika altareni. Watu wa pale walihama. Baadhi yao walipokewa na ndugu wa ndoa upande wa Mpui, huko juu uwandani, wakapewa mashamba na wakajifunza kulima mahindi, wao waliozoea nyavu. Walijenga kanisa dogo la tofali. Lakini kengele yao ilibaki kule chini, ikining'inia kwenye mnara uliosimama majini. Aliyeisemea sana ni Bibi Rozina, mjane, aliyebatizwa na kuolewa chini ya kengele hiyo. Hatimaye wavuvi waliiteremsha, wakaipakia kwenye boti la mizigo na kuileta bandari ya Kasanga, ili ipande Mpui kabla ya Pasaka.

Wakati huo huo mvua zilikata kalavati kwenye mpando wa kuelekea Matai. Malori yalizuiwa. Magari madogo yalipitishwa kwenye njia ya zamani ya udongo, yenye kona kali na bonde upande mmoja. Wenye pikapu wawili walikwenda kuiona njia, kisha wakaiona na kengele, wakaaga. Kengele yenyewe ilikuwa shaba tupu, na ilihitaji wanaume wengi kuisogeza.

Katekista Zephania alifika Izia asubuhi, viatu vikiwa na matope.

"Shikamoo, mzee Beda."

"Marahaba. Karibu, mwalimu."

Zephania alieleza habari yote. Akamaliza kwa kusema, "Tumeambiwa wewe ndiye unayeijua milima ile. Tunatafuta dereva."

"Dereva huyo hapo," alisema Beda, akielekeza kidevu uani. "Anapepeta ulezi."

Silvana aliweka ungo chini. Hakuwa amewahi kupandisha mzigo wa namna ile, mzigo ambao hauwezi kupunguzwa gunia moja ukishindwa. Alitaka kusema hapana. Alimtazama mumewe na kumwona ametulia kabisa, wala hasemi neno la kumsukuma, na labda utulivu ule ndio uliomfanya aseme, "Nikaione kwanza."

Kasanga joto lilikuwa la kutoa jasho kivulini. Wavuvi waliiweka kengele nyuma ya gari juu ya matairi chakavu, mdomo chini, wakaifunga kamba kutoka kila upande na kuikaza kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu za magurudumu, ile ambayo kila mbeba mizigo anaijua. Nahodha wa boti, mzee Loth, alizunguka gari mara kadhaa akivuta kamba hizi na zile.

"Mama," alimwambia Silvana, "majini mimi ningekuambia nini cha kufanya. Mlimani sijui kitu. Nakuombea tu."

Bibi Rozina alikuwa ameshuka kuipokea, na alikataa katakata kurudi kwa gari lingine. Akakaa katikati, rozari mkononi, Silvana kulia kwake kwenye usukani, Beda kushoto mlangoni karibu na koki yake. Gari lilipoanza kupanda lami, bibi alianza kusali kwa sauti, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya maji.

"Bibi," alisema Beda kwa adabu, "samahani sana. Naomba usali kimoyomoyo. Siisikii tabo."

"Na Mungu atanisikia?"

"Yeye anasikia kuliko mimi."

Bibi Rozina alicheka, akanyamaza, na midomo ikaendelea kusogea.

Sehemu ya lami ilikwenda vizuri. Mzigo ulilivuta gari nyuma, kila kona ikionyesha uzito wake, lakini Beda aliongeza hewa kidogo kidogo, Silvana akimsomea mishale, na moshi kwenye kioo cha pembeni ulibaki mwepesi. Wakafika penye kizuizi. Msimamizi wa barabara alichungulia nyuma, akachungulia mbele, akamwona mwanamke, kizee na kipofu. Kisha akainua kamba.

Njia ya zamani ilikuwa nyekundu na inang'aa. Mvua ilikuwa imekatika muda mfupi tu uliopita. Magari yaliyotangulia yalikuwa yamechimba mifereji miwili, na kwenye kona ya juu mifereji hiyo iliinamia bondeni.

Silvana aliingiza gia ndogo. Gari likaanza kupanda, na mara Beda akasikia injini inazama, sauti ikishuka kama ya mtu anayebebeshwa zaidi ya uwezo wake.

"Inataka hewa," alisema. "Naongeza."

"Usiongeze."

"Mama Avelina, inazama. Isikilize."

"Nimeisikia. Punguza."

"Tukipunguza tutasimama!"

"Tukiongeza tutateleza," alisema Silvana. Macho yake hayakutoka kwenye kona. "Tabo ikishika kwa kishindo, magurudumu yatazunguka bure na mkia utaenda bondeni. Injini unaisikia wewe. Matope nayaona mimi. Punguza, baba Avelina."

Hakuwahi kumwamuru hivyo katika jambo la gari. Bibi Rozina, katikati yao, aliacha hata kusogeza midomo. Silvana aliona kwa pembe ya jicho mkono wa mumewe kwenye koki, mishipa imesimama. Mkono ule ulikuwa umefanya uamuzi wa barabara ile kabla yeye hajajua klachi ni nini. Aliweza kuuzungusha kulia na hakuna ambaye angemzuia.

Akauzungusha kushoto.

Nguvu ikalegea. Gari lilitambaa, karibu lisimame, injini ikipiga pigo moja moja kama anayetwanga. Lakini magurudumu yalishika. Matope yalibonyea badala ya kuruka. Silvana hakubadilisha kitu, hakuongeza mafuta wala kupunguza, akaacha gari lijitafutie lenyewe, na kengele nyuma yao ikalia mara moja kwa ndani, sauti nzito, wakati mkia ulipoteleza kidogo na kutulia tena. Kona ikapita.

Beda alishusha pumzi. "Sasa chini yetu ni nini?"

"Changarawe."

"Niongeze?"

"Ongeza."

Aliongeza, na gari lilikuwa ndio kwanza limekamata mwendo kuliposikika mlio, paa, kama puto limepasuka, kisha mluzi mkali. Nguvu ikatoweka. Moshi mweusi ukafunika kioo cha nyuma. Silvana alikanyaga breki, akavuta ya mkono, na kabla hajasema lolote Bibi Rozina alikuwa amekwisha kumpita Beda mapajani, yuko chini anatafuta mawe. Wakayaweka nyuma ya magurudumu, makubwa kwanza.

"Ni mpira wa hewa," alisema Beda, akishuka kwa kushika mlango. "Ule mnene unaotoka kwenye tabo. Nifungulie boneti."

Alisubiri joto lipungue, kisha akaingiza mikono. Silvana alisimama karibu akimzuia asiguse ekzosi, akimwambia, kushoto, juu kidogo, hapo ni moto. Vidole vya Beda vilitembea juu ya mpira ule kama vinasoma, vikafika penye klipu na kusimama. Mpira ulikuwa umechanika kwa urefu wa kidole.

"Nipe ule mpira wa tyubu tuliofungia mzigo. Mmoja tu. Mingine iache ishikilie kengele."

Akauvuta hadi ukawa mwembamba, akauzungusha juu ya mchaniko, mzunguko juu ya mzunguko, akakaza, akarudisha klipu juu yake. Walipowasha, mluzi ulikuwa umebaki mdogo, kama wa mtoto anayejifunza.

"Utahimili?" aliuliza Silvana.

"Utahimili tukiuheshimu. Hewa nyingi hautaiweza. Tutapanda na kidogo." Akafikiri, akaongeza, "Mimi nisingeweza zamani. Ningesema twende tu."

Hivyo ndivyo walivyoumaliza mlima ule, kwa hewa kidogo. Beda aliizungusha koki kushoto mpaka karibu na mwisho, na kila moshi ulipoanza kuwa mweusi alimwambia Silvana apunguze mafuta, asiipe injini chakula isichoweza kukichoma. Mshale wa joto ulipokaribia pabaya waliegesha, wakaweka mawe, wakangoja. Watu waliokuwa wakitembea kwa miguu waliwapita, wakawasalimia, wakawangoja mbele na kuwapungia. Mwanamke mmoja aliwagawia mahindi ya kuchemsha. Ilikuwa safari ambayo Beda wa zamani angeona aibu kuonekana nayo, na Silvana alikuwa akingoja kusikia aibu hiyo katika sauti yake. Hakuisikia. Alichosikia ni mtu anayefanya kazi ngumu kwa umakini wote alio nao, na katika ukungu wa kule juu, walipoanza kuhisi baridi ya nyumbani kwenye madirisha, alijikuta anamtazama kwa namna ambayo hakuwa amemtazama tangu ujana wao.

Walilala Sumbawanga. Fundi Clemens aliufungua ule mzunguko wa tyubu, akaukagua kwenye mwanga, akaita mafundi wenzake waje kuuona kabla ya kufunga mpira mpya.

"Nani kafunga hii?"

"Mikono miwili yake na macho mawili yangu," alisema Silvana, na wakacheka.

Njia ya Mpui ilikuwa kavu na tambarare, na Beda hakuongeza hata kidogo ingawa sasa angeweza. Watu wa ziwani walikuwa wamesimama barabarani. Wengine walitoka shambani na majembe begani. Kengele ilipoteremshwa hawakupiga kelele kama watu walivyotazamia. Waliisogelea na kuigusa, mmoja mmoja, kwa viganja, na wazee wakawa wanatafuta alama fulani ukingoni na kuonyeshana. Zephania aliijaribu kwa nyundo ya mbao, pigo moja tu. Bibi Rozina alijifunika khanga usoni. Beda alikuwa amesimama kando ya gari, mkono juu ya boneti iliyokuwa ikipoa, na Silvana alimwacha asikilize mpaka sauti ilipoisha yote, kisha ndipo akamshika mkono kumwongoza kwenye chakula.

Habari za mlima ule zilisambaa, na kama kawaida ya habari, ziliongezwa chumvi. Wengine walisema kipofu ndiye aliyeendesha. Silvana hakuhangaika kusahihisha. Lakini tangu hapo madereva walianza kuja Izia. Wanaleta magari yenye tabo zinazopiga mluzi, yanayokunywa mafuta, yanayokosa nguvu milimani. Beda husimama mbele ya boneti na kusikiliza, kisha hukaa mbele pamoja na mwenye gari na kumwomba aendeshe kuelekea Matai na kurudi.

Mwezi uliopita alikuja kijana dereva wa basi dogo, Amos, anayetaka aongezewe hewa mpaka mwisho.

"Nataka niwapite wote, mzee."

"Uwapite wakiwa wanakwenda wapi?" aliuliza Beda.

Beda alilisikiliza gari lake, akamwambia ekzosi yake inavuja kabla ya kufika kwenye tabo, aizibe kwanza, na nguvu anayoitafuta ataikuta pale pale. Silvana akamchukua barabarani, wakaenda mpaka kwenye matope ya karibu na mto, akamwonyesha kwa vitendo gari linavyokuwa hewa ikizidi na linavyokuwa ikipungua. Kijana alirudi ametulia.

Avelina, binti yao, alikuja likizo akakuta uani pana magari. Alimwuliza mama yake kama hachoki. Silvana alikuwa anapakia maharage ya kwenda Kasanga, magunia ya mwisho. Alisema anachoka, tena sana, mgongo hasa. Kisha akamwita mumewe atoke, kwa kuwa mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa ziwani na alitaka wawe wameivuka ile miteremko kabla njia haijalowa.